Mti wa Ukoo Kando ya Kitanda cha Mgonjwa: Namna ya Kumfundisha Mwanafunzi wa Tiba Kuulizia Nasaba

Swali moja huharibu kazi ya wanafunzi wengi wa tiba siku ya kwanza wanapotumwa wodini kuchukua historia ya familia. Mwanafunzi humwuliza mama aliyempakata mtoto: “Je, katika ukoo wenu yupo mtu mwenye ugonjwa wa selimundu?” Mama hufikiri kidogo, kisha hujibu kwamba hayupo. Mwanafunzi huandika “hakuna”, na kuendelea na maswali ya homa na kikohozi.

Mama hakusema uongo. Katika ukoo wake hakuna aliyewahi kupimwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuitwa kwa jina la ugonjwa huo. Pengine wapo watoto waliofariki kwa “kupungukiwa damu”, yupo shangazi aliyesumbuliwa na “baridi yabisi” tangu utotoni, na yupo mjomba ambaye macho yake huwa ya njano mara kwa mara. Hao hawakuulizwa. Makala haya yanaeleza namna mti wa ukoo unavyochorwa na kusomwa, jinsi mwanafunzi anavyopaswa kufundishwa kuuliza, na faida ambayo familia yenyewe huipata. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, ndio utakaotumika kama mfano.

Nasaba na vinasaba

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuonyesha uhusiano uliopo kati ya ukoo na maabara. Neno vinasaba, ambalo wanasayansi hulitumia kutaja habari za urithi zilizomo ndani ya seli, limetokana na neno nasaba, yaani mfululizo wa vizazi ambamo mtu amezaliwa.

Himoglobini imo ndani ya seli nyekundu za damu, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Kila mtu hupokea jeni mbili zinazohusika na sehemu moja muhimu ya himoglobini: moja kutoka kwa baba mzazi na nyingine kutoka kwa mama mzazi. Jeni ya kawaida huandikwa kwa herufi A, na ile ya selimundu kwa herufi S. Mwenye AA hana selimundu. Mwenye AS huitwa mbebaji. Kwa kawaida ana afya njema na huenda akaishi maisha yake yote bila kujua kwamba anaibeba jeni hiyo. Mwenye SS ni mgonjwa. Seli zake nyekundu zinaweza kupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Aidha, huvunjika mapema: seli ya kawaida huishi takribani siku 120, ilhali ile ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake hugeuka njano.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya wagonjwa hawa duniani. Inakadiriwa kwamba takribani watoto 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na wengi wao huzaliwa na wazazi ambao hawajui kwamba ni wabebaji.

Alama za mchoro

Mti wa ukoo wa kitabibu hautumii matawi wala majani. Hutumia alama chache zinazoeleweka na madaktari wa nchi zote. Mraba ni mwanamume, na duara ni mwanamke. Mstari wa mlalo huwaunganisha wenzi wawili, na mstari wa wima huteremka kutoka kwao hadi kwa watoto, ambao hupangwa kuanzia kushoto kwa kifungua mimba. Alama iliyojazwa wino huonyesha mgonjwa. Iliyojazwa nusu huonyesha mbebaji. Iliyokatwa kwa mstari wa mshazari huonyesha aliyefariki. Mshale huelekezwa kwa yule ambaye kwa sababu yake uchunguzi umeanza. Wenzi walio ndugu wa damu, kama vile mabinamu waliooana, huunganishwa kwa mistari miwili. Kila kizazi hupewa namba ya Kirumi, kikongwe kikiwa juu.

Namba hizo zina faida ya pekee katika jamii zetu, ambamo mjukuu hupewa jina la babu na majina huweza kurudi baada ya kila vizazi viwili. Mwanafunzi anayeandika majina pasipo namba hushtukia kwamba babu na mjukuu wamekuwa mtu mmoja katika daftari lake.

Maneno ya undugu

Kuzijua alama ni kazi ya saa moja. Kujua kuuliza ni kazi ya muda mrefu zaidi. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa lugha ambazo baba ni mmoja tu. Katika Kiswahili mtu anao akina baba wengi: baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, na pengine baba wa kambo. Watoto wa ndugu wawili wa kiume huitana kaka na dada, wala hakuna anayeona haja ya kuongeza neno. Mama mdogo aweza kuwa mdogo wake mama, ambaye ana damu moja na mama wa mgonjwa. Aweza pia kuwa mke mwingine wa baba, asiye na uhusiano wowote wa damu na mtoto. Katika mazungumzo ya nyumbani maneno haya yanatosha, nayo yanajenga umoja wa ukoo. Katika mchoro wa urithi, kukosea neno moja kati ya hayo huhamisha ugonjwa kutoka upande mmoja wa familia hadi mwingine.

Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kufuata uzazi badala ya majina ya undugu. Hauulizi tu, “Huyu ni kaka yako?” Huongeza: “Mmezaliwa na baba mmoja na mama mmoja?” Akitajiwa shangazi, huuliza kama yeye na baba wa mtoto wamechangia wazazi wote wawili. Akitajiwa mtoto anayelelewa nyumbani, huuliza kwa upole amezaliwa na nani.

Funzo la pili linahusu waliofariki. Mama anapoulizwa, “Una watoto wangapi?” huwataja walio hai, kwa kuwa ndivyo adabu na uchungu vinavyomwelekeza. Mwanafunzi akikomea hapo, atakuwa amewaacha nje ya mchoro wale hasa ambao wangeweza kueleza ugonjwa. Swali lifaalo ni: “Umejaliwa kupata watoto wangapi tangu uanze kuzaa, pamoja na waliotangulia mbele ya haki?” Kisha mwanafunzi hunyamaza na kusubiri. Akiona mama ameinamisha uso, huweka kalamu chini. Kumpa pole ni sehemu ya uchunguzi, wala hakuupunguzii chochote.

Funzo la tatu ni kuuliza dalili kabla ya jina la ugonjwa. Je, yupo katika ukoo mtoto aliyevimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga? Yupo aliyeongezewa damu mara nyingi? Yupo ambaye mifupa humuuma hasa nyakati za baridi? Yupo mwenye kidonda cha mguu kisichopona? Ukoo huyahifadhi mambo haya kwa miaka mingi, hata pale ambapo hospitali haikuwahi kuandika lolote.

Familia ya mfano

Familia ifuatayo imetungwa kwa ajili ya kufundishia. Mtoto wa kike wa miezi 14 ameletwa akiwa na vidole vilivyovimba na maumivu. Mama yake anasema ana watoto wawili, huyu na kaka yake wa miaka 6 aliye mzima. Alipoulizwa kuhusu ugonjwa katika ukoo, alijibu kwamba hakuna.

Baada ya maswali kubadilishwa, mchoro unabadilika. Mama amezaa mara tatu. Kifungua mimba alifariki akiwa na miaka 2, na walioshuhudia walisema damu “ilimwisha” baada ya homa. Kwa upande wa baba, dada yake wa baba mmoja na mama mmoja alifariki akiwa na miaka 9, naye alikuwa akilia kwa maumivu ya miguu kila msimu wa baridi. Kwa upande wa mama, yupo mdogo wake wa kiume mwenye umri wa miaka 20. Macho yake ni ya njano na ana kidonda cha mguu kilichodumu mwaka mzima. Nyumbani husemwa kwamba ana ugonjwa wa ini.

Mchoro huu hautoi hukumu. Homa kali, malaria na upungufu wa damu huweza kuua mtoto asiye na selimundu kabisa. Hata hivyo, unatosha kuelekeza kipimo. Kipimo cha haraka cha kuona kama seli zinapinda hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Kinahitajika kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kama mtoto ameongezewa damu katika miezi michache iliyopita, jambo hilo liandikwe, maana damu ya mchangiaji yaweza kupotosha majibu.

Tuseme majibu yameonyesha kwamba mtoto ana SS. Hapo mti wote hupata maana. Kwa kuwa wazazi wake ni wazima na kila mmoja amempa jeni moja ya S, mategemeo ni kwamba wote wawili ni wabebaji, na kipimo kitathibitisha. Kaka wa miaka 6 hana dalili. Kama si mgonjwa, basi uwezekano wa yeye kuwa mbebaji ni mbili ya tatu. Na yule mjomba wa miaka 20, ambaye hakuletwa hospitalini na ambaye hakuna aliyekuwa akimtafuta, sasa anaitwa kupimwa. Huenda amekosa matibabu kwa miaka 20 kwa sababu ya jina lisilo sahihi.

Hesabu isiyo na kumbukumbu

Wazazi wawili walio AS, kwa kila mimba, wana uwezekano wa robo kupata mtoto wa AA, nusu kupata wa AS, na robo kupata wa SS. Maelezo haya hueleweka vibaya mara nyingi. Mzazi husikia “mmoja kati ya wanne” akadhani kwamba mtoto mmoja akiwa mgonjwa, watatu wafuatao watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza upya, kana kwamba hakuna iliyotangulia. Wazazi kama hao wakipata watoto wanne, uwezekano wa wote wanne kukwepa ugonjwa ni takribani 32 katika 100. Na familia nyingine yenye bahati mbaya yaweza kupata wagonjwa wawili au watatu mfululizo. Mbebaji akizaa na mwenye AA, hakuna mtoto atakayekuwa na SS, ingawa karibu nusu ya watoto wao watakuwa wabebaji. Mgonjwa wa SS akizaa na mwenye AA, watoto wote watakuwa wabebaji.

Familia zilizofumbua fumbo

Elimu hii yenyewe ilipatikana kwa kuzichunguza familia. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu seli zilizopinda mfano wa mundu katika damu ya kijana aliyetoka Grenada. Kwa miaka mingi baadaye madaktari hawakukubaliana jinsi hali hiyo inavyorithiwa. Mwaka 1949 James Neel nchini Marekani, na Beet aliyekuwa daktari katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mgonjwa hupokea jeni kutoka pande zote mbili. Neel aliwapima wazazi wa wagonjwa, akaona kwamba seli za damu za baba na za mama pia zilikuwa na tabia ya kupinda. Fumbo lilifumbuka pale wazazi walipopimwa pamoja na watoto.

Muda mfupi baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitambua kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jeni ya S basi haikuenea kwa laana wala kwa makosa ya mtu. Ilienea kwa sababu iliwasaidia wabebaji kuishi mahali penye mbu. Nayo haiko Afrika peke yake, bali hupatikana pia Uarabuni, India na nchi za Bahari ya Kati.

Aliyekwenda mbali zaidi katika kuufuata ukoo ni Profesa Felix Konotey-Ahulu wa Ghana. Akitumia kumbukumbu za familia yake mwenyewe, aliufuatilia ugonjwa huu kizazi kwa kizazi, kwa majina ya jamaa zake, hadi mwaka 1670. Wazee wake waliutambua ugonjwa huo karne kadhaa kabla ya Herrick kutazama hadubini. Katika lugha ya Kiga uliitwa chwechweechwe. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, funzo ni hili: bibi anayekumbuka ni nani aliyelia kwa maumivu ya mifupa, na alikuwa mtoto wa nani, ni maktaba inayostahili kusomwa kwa heshima.

Mzigo wa lawama

Katika familia nyingi mtoto anapougua mara kwa mara, lawama humwelekea mama. Husemwa kwamba damu yake ni mbaya, kwamba ametoka na ugonjwa kwao, au kwamba kuna mkono wa mtu. Zipo ndoa zilizovunjika kwa sababu hiyo. Mti wa ukoo uliochorwa mbele ya wazazi wote wawili huweza kufanya kazi ambayo mahubiri hayawezi. Baba huona kwa macho yake mistari miwili ikimteremkia mtoto, mmoja kutoka kwake na mmoja kutoka kwa mkewe. Kisha humwona dada yake mwenyewe, aliyezikwa zamani, akiwa upande wake wa karatasi. Mtoa huduma hana haja ya kumshutumu. Inatosha kusema kwamba kila mmoja ametoa jeni moja, na kwamba hakuna aliyeichagua.

Siri

Mchoro huo huo waweza kuumiza. Yawezekana baba aliyetajwa akapimwa na kukutwa na AA, ilhali mtoto ana SS. Mwanafunzi asikimbilie kuhitimisha. Majibu ya maabara huweza kukosewa, sampuli huweza kubadilishana, na yapo magonjwa mengine ya himoglobini yanayoweza kuleta sura kama hiyo. Kipimo hurudiwa, jambo hupelekwa kwa daktari mwenye uzoefu, na neno lolote halitamkwi mbele ya ndugu. Kila mtu mzima apewe majibu yake mwenyewe, faraghani. Karatasi ya mti wa ukoo isibandikwe ukutani wala kupigwa picha kwa simu. Ni siri ya watu wengi kwa wakati mmoja, na wengi wao hawakuwapo kutoa idhini.

Tahadhari hiyo inahusu darasa pia. Walimu wengi huanza kwa kumtaka kila mwanafunzi achore ukoo wake. Zoezi hilo ni zuri, maana anayejaribu kukumbuka ndugu wa babu yake hugundua upesi jinsi kazi anayompa mgonjwa ilivyo ngumu. Lakini darasani wamo waliolelewa na shangazi, wamo wasiomjua baba, na wamo ambao nusu ya mchoro wao ni alama zilizokatwa kwa mshazari. Mwalimu mwangalifu huwapa wote hiari ya kutumia familia ya kubuni, na hamlazimishi yeyote kusimama na kusoma.

Anachoweza kufanya msomaji

Mgonjwa au mzazi anayekwenda kliniki aweza kujiandaa nyumbani. Achukue karatasi, aandike vizazi vitatu: watoto, wazazi na ndugu zao wa damu, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Kwa kila mmoja aandike umri, au umri aliofariki, na dalili zilizokumbukwa hata kama ugonjwa haukupata jina. Asiyejulikana aandikwe kwamba hajulikani. Pengo la kweli ni bora kuliko jibu la kubahatisha. Wazee waulizwe mapema, kwa utaratibu na kwa adabu, kabla kumbukumbu zao hazijazikwa nao.

Wachumba wanaokusudia kuoana wanaweza kupimwa wote wawili. Majibu hayawakatazi kuoana. Yanawawezesha kuamua wakiwa na ufahamu. Mtoto aliyegundulika mapema huweza kupewa penisilini ya kinga na chanjo, kulindwa dhidi ya malaria, na kuanzishiwa haidroksiurea kwa uangalizi wa daktari. Mzazi naye hufundishwa kwamba homa kwa mtoto huyo ni dharura isiyosubiri asubuhi.

Mwanafunzi aliyeandika “hakuna” arudi basi kitandani, avute kiti, aanze upya. Amwulize mama amezaa mara ngapi. Pengine katika jibu hilo yumo mtoto aliyekwisha kufariki, na yumo pia ndugu aliye hai ambaye bado anaweza kutibiwa.